Nihadithie Ulivyolimaliza

Kaka yangu alimaliza gemu la San Andreas Desemba 2006, siku mbili kabla ya Krismasi, katika banda la mabati lililokuwa kando ya njia ya kwenda misheni, hapa Gare, milima ya Usambara. Tarehe siisahau, kwa sababu plamsi zilikuwa zimeiva zote kwa mpigo na usiku ule tulikuwa tunasubiri Fuso la kupeleka mzigo Dar es Salaam. Tulikaa sita sakafuni, koroboi mbili, lundo katikati yetu. Zilizo ngumu ziliingia kwenye tenga la safari, zilizoanza kulainika ziliwekwa pembeni kwa ajili ya soko la Lushoto, zilizopasuka za nguruwe. Kaka akaingia ana matope hadi magotini, nguo zinanuka petroli ya jenereta. Hakusalimu. Alisema neno moja tu: "Limeisha."

Baba hakumuuliza alikotoka, alimsogezea tenga. Aliyeuliza ni bibi, ambaye hakuwahi kuiona pedi ya kuchezea wala hakujua gemu linafananaje: "Limeishaje?"

Basi akahadithia. Alihadithia mpaka tukasikia honi ya Fuso kule chini kwenye kona, na hata tulipokuwa tunapeleka matenga barabarani alikuwa bado anasema, tenga kichwani, anahema, anatueleza jinsi gari la zimamoto lilivyotoka darajani na kuanguka mtaani, na yule polisi mla rushwa akiwa ndani yake.

Nilikuwa na miaka 16. Banda lile sikuwahi kulikanyaga. Lakini kesho yake, nilipokwenda kuchota maji, niliwahadithia wenzangu San Andreas nzima, kuanzia siku Carl Johnson aliposhuka uwanja wa ndege hadi mwisho, na hakuna aliyenitoa kasoro.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Kila mwaka naandika ubaoni vyanzo vya historia, na cha kwanza ni masimulizi ya mdomo. Nilikiandika miaka mingi kabla ya kutambua kwamba mimi mwenyewe nimekulia ndani ya desturi yenye mwanzo wake, kanuni zake na watu wake, ambayo hakuna aliyeiandika: desturi ya kuhadithia gemu ulilolimaliza. Waliojenga desturi hiyo hapa milimani wako hai, wengi hawajafika hata miaka 45, na jioni utawakuta wanafunga mizigo ya kabichi. Naandika sasa wakiwa na kumbukumbu nzima.

Habari za Gare huanzwa na misheni. Watawa wa Kitrapisti walifika hapa 1897, wakitokana na Mariannhill, monasteri iliyoanzishwa na Franz Pfanner karibu na Durban mwaka 1882. Enzi hizo Wajerumani waliitawala Lushoto na kuiita Wilhelmstal. Watrapisti ni shirika lenye kanuni ya ukimya. Mtawa hazungumzi ovyo, na kwa karne nyingi walikuwa na ishara za mikono za kuombana mkate au jembe. Nimewawaza mara nyingi watu wale, wamezoea kimya, wanafika katikati ya Wasambaa, ambao hawawezi kupanda mlima kutoka kisimani hadi nyumbani bila mmoja kuhadithia na mwingine kuitikia. Kanisa tulilipokea. Ukimya haukutuingia.

Kabla ya misheni kulikuwa na Mbega. Mtoto yeyote wa Usambara wa umri wangu amelala mara nyingi na habari za Mbega kichwani: mwindaji wa Ngulu, kigego, aliyeota meno ya juu kwanza, akanyimwa urithi na ndugu zake, akakimbia na mbwa wake. Akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale, mtoto yule akauawa na nguruwe wakiwa mawindoni, na Mbega akakimbia tena, safari hii akapanda milima yetu. Watu waliona moshi wake porini. Wakamfuata, akawapa nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Njiani kwenda Vuga akaua simba, na tangu hapo wafalme wa Kilindi wakaitwa Simba Mwene. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi na Wakilindi, aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, na wamisionari wa Magila wakaanza kukichapa kitabu hicho kwa vipande miaka ya 1890. Katika miaka ya 1960 akaja Mmarekani, Steven Feierman, akazunguka milima hii akiwasikiliza wazee, na kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kikatoka 1974. Alichokikuta kwa wazee ni Mbega wengi. Kila mzee alikuwa na Mbega wake, simba wake na mahali pake pa kumuulia.

Bibi naye alikuwa na wake. Mbega wa bibi alipumzika mara mbili kwenye ukingo wa Gare, jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote. Na tulipokuwa wadogo swali letu kwake lilikuwa lile lile alilokuja kumuuliza kaka usiku wa plamsi. Ilikwishaje?

Televisheni ilichelewa Tanganyika. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulikaa bila kituo chochote mpaka 1994, vituo vya kwanza vilipoanza. Desemba ya mwaka huo huo kampuni ya Sony ilitoa PlayStation ya kwanza huko Japani. Mambo hayo mawili yalikutana Gare karibu miaka kumi baadaye, juu ya meza moja.

Katika miaka hiyo ya katikati palikuwa na kibanda umiza. Ni banda la mbao au mabati, mabenchi yasiyo na mahali pa kuegemea, deki ya video, na mikanda iliyotoka mjini. Filamu zilikuwa za Kichina, Kihindi na Kimarekani, na watu hawakujua lugha hizo, ndipo ikazaliwa kazi ya mtafsiri. Dar es Salaam alivuma Derek Mukandala, ambaye watu wote wanamjua kwa jina la Lufufu. Sauti yake ilipanda juu ya sauti ya filamu, anaeleza, anaonya, anamwambia steringi ageuke nyuma. Lufufu hakuwa anageuza neno kwa neno. Aliichukua filamu ya watu akaipika upya kwa viungo vya kwetu, na mtazamaji alitoka akiwa ameelewa, hata kama alichokielewa hakikuwa ndani ya mkanda. Wavulana wa Gare waliokuja kuwa mabingwa wa gemu walilelewa na sauti hiyo. Waliposhika pedi walijua tayari kwamba picha ya kigeni ikikujia bila maneno, maneno unayatia wewe.

Mashine ya kwanza ililetwa na kijana aliyekuwa akifanya kazi Kariakoo. Ilikuwa ile PlayStation ya kijivu, imetumika kwingine, imefunguliwa ili isome diski za kunakili. Kaka anakumbuka kwamba iliwekwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu lenzi ilikuwa imechoka na diski haikusomeka mpaka mashine igeuzwe. Televisheni ilikuwa ya inchi 14. Nje jenereta, ndani watoto thelathini, na mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeshuka mpaka mlangoni, pedi ilikuwa baridi hata mchezaji akawa anapuliza vidole kabla ya kupokea zamu.

Fedha ndiyo iliyoamua kila kitu. Mechi moja ya Winning Eleven ilikuwa Sh 100, na aliyefungwa alimpisha mwingine. Mpira ulilipa kwa sababu mechi ni fupi na watu wanabadilishana. Gemu la hadithi lilimkera mwenye banda, mtu mmoja anakaa na pedi, wengine wanaangalia bure. Akaliwekea bei yake, Sh 400 kwa saa, na jioni tu, wateja wa mpira wakipungua. Mwaka 2006 alipopata PlayStation 2, mashine iliyotoka Japani Machi 2000 na ambayo ilikuja kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, akaja nayo pamoja na San Andreas. Gemu hilo lilitoka 2004. Mchezaji mzuri mwenye mashine yake nyumbani anaweza kuimaliza hadithi yake kwa saa 30 hivi. Vijana wa Gare, wanaojifunza kila kitu kwa kukosea, waliihesabia saa 70. Piga hesabu: Sh 28,000. Hapakuwa na mvulana wa kidato cha pili Gare mwenye Sh 28,000.

Wakachanga, watano. Kwanza walinunua memori kadi yao, kipande cheusi cha plastiki kinachotosha kiganjani, kinachobeba megabaiti 8, yaani mahali ambapo gemu linaandika umefika wapi. Memori kadi ya banda haikuaminika, mtu yeyote aliweza kuandika juu ya safari yako. Walishapoteza hivyo wiki tatu nzima, mtu akasevu gemu lake pale pale palipokuwa na lao, na kaka anasema hakula siku ile. Kadi yao mpya ililala kwenye mkebe wa Blue Band chini ya kitanda chetu, imefungwa kwa kitambaa. Bibi alikatazwa kuugusa mkebe ule, naye aliuheshimu kama vile una hirizi.

Kisha waligawana kazi. Mmoja alikuwa na mkono wa kuendesha, kwa hiyo alipewa magari na pikipiki. Mmoja alikuwa hodari wa shabaha. Kaka alikuwa na Kiingereza kidogo, wale wanne wengine hawakuwa nacho kabisa, basi kazi yake ilikuwa kusoma maandishi ya chini na kuamua wanatakiwa waende wapi. Kuna mahali katika gemu lile unafukuza treni kwa pikipiki huku rafiki yako, Big Smoke, amekaa nyuma yako anafyatua risasi. Mahali pale palikula Sh 2,000. Mwenye banda alikuwa akigonga meza petroli ikikaribia kwisha, na hapo mchezaji alikuwa na dakika tano za kukimbia mpaka nyumba yenye alama ya kusevu. Jenereta likizimika kabla, jioni nzima imepotea, na hela hairudi.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu hapa ndipo desturi ilipozaliwa. Gemu lililomalizwa na mkono wa mmoja lilikuwa limelipiwa na watano, na nyuma ya watano kulikuwa na wengine waliotoa Sh 50, waliochota maji kwa zamu ya mchezaji, waliomdanganyia mama yake. Watu wote hao walikuwa na haki yao. Siku ya mwisho hawakuweza kuwapo wote, banda halikutosha na wengine walikuwa mashambani. Kwa hiyo aliyefika mwisho alikuwa na deni, na deni lililipwa kwa kuhadithia. Ndiyo maana kaka alianza kusema kabla ya kusalimu.

Kanuni zilifuata zenyewe. Aliyeangalia tu aliruhusiwa kuhadithia steji za katikati, mwisho aliachiwa aliyeshika pedi. Hukuruhusiwa kuruka mahali uliposhindwa, ulitakiwa useme umekufa mara ngapi na kwa kosa gani, maana msikilizaji alikuwa amelipia vifo hivyo. Kuuliza "akasemaje?" ilikuwa sawa. Kusema "hiyo siyo kweli" uliruhusiwa ikiwa ulikuwapo. Na kila mtu alikubali kwamba mhadithiaji ana haki ya kutia chumvi, kwa kiasi cha mboga.

Sisi wasichana tulikuwa wasikilizaji. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba msichana haingii, lakini aliyeingia mara moja alisemwa kisimani mwezi mzima. Nilikuwa na wivu, na bado ninao kidogo. Nilifahamu God of War kwa masikio, nikamjua Kratos aliyedanganywa akawaua mkewe na mwanawe, majivu yao yakamng'ang'ania mwilini mpaka ngozi ikawa nyeupe. Nilifahamu Resident Evil 4 nikiwa na mzigo wa kuni mgongoni, na kwa muda mrefu sikuweza kupita peke yangu karibu na msitu jioni. Sikuwahi kuona picha hata moja. Wavulana walicheza magemu manne au matano, sisi tuliyabeba tukayafikisha kwenye mashamba ambayo wavulana hawakuwa wakienda. Dada mmoja aliyeolewa bonde la pili aliondoka na Tekken 3, akaihadithia ukweni.

Mwaka 2012 nilikuwa naanza kazi Tanga mjini. Mshahara wa tatu nilinunua PlayStation 2 iliyotumika, televisheni ndogo na diski moja. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja, sina hata kabati. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Sony ikatangaza kwamba imeacha kuitengeneza mashine hiyo, mimi ndio kwanza nimeipata.

Niliijua njia yote. Carl anarudi Los Santos baada ya miaka mitano kwa sababu mama yake ameuawa. Polisi wanamnyang'anya hela na kumtupa mtaa wa maadui. Anaokota baiskeli, anaendesha hadi Grove Street, anaingia nyumbani, nyumba tupu, anaitazama picha ya mama. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio, kila kitu kilikuwa kama nilivyoambiwa, hata rangi ya nyumba. Wakaenda makaburini. Nduguye, Sweet, akamkaripia kwa kutokuwapo. Nikasogea karibu na kioo, maana baada ya hapo yanakuja matanga.

Kaka alituhadithia matanga yale kwa karibu saa nzima. Carl alilala kwenye mkeka nje siku tatu. Wanawake wa Grove Street walipika makande. Wazee wakawaweka kitako yeye na Sweet, wakamuuliza kila mmoja kilicho moyoni, Sweet akasema ulimwacha mama peke yake, Carl akasema najua. Siku ya tatu wakaanua matanga, Carl akanyoa nywele, ndipo wakatoka kwenda kupigana. Bibi alikuwa ameacha kuchagua plamsi. Alikuwa anatikisa kichwa, anasema "ndivyo, ndivyo."

Nilikaa na pedi mkononi nikisubiri. Hawajatoka hata makaburini, maadui wakapita na gari wanamimina risasi, gari la Big Smoke likalipuka, wote wanne wakarukia baiskeli kukimbia. Nikadhani nimebonyeza kitu nikaruka sehemu. Nilizima, nikaanza upya. Risasi zikaja pale pale.

Nikampigia simu. "Kaka, matanga yako wapi?"

Alielewa mara moja, ingawa ilikuwa imepita miaka sita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Bibi asingekubali waondoke hivi hivi."

Nililimaliza gemu lile kwa miezi minne, na niseme ninavyoona: ni gemu kubwa, lililotengenezwa kwa akili nyingi, na lina shimo mahali hapo. Mtu anakosa maziko ya mama yake, anarudi, na hadithi haimpi hata usiku mmoja wa kukaa chini. Waliolitengeneza walikuwa na mambo mengine ya kuwahisha. Mvulana wa miaka 19, mwenye matope magotini, alilisikia shimo lile akalijaza palepale kwa kilichokuwapo nyumbani, mkeka, makande, wazee wawili. Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini Mbega wa kitabuni hakupumzika Gare, namkumbuka yeye.

Desturi ilianza kupungua bila mtu kuiua. Nguzo za umeme zilipanda milima kidogo kidogo baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi 2007, na simu zikaja kwa wingi. Mwanzo simu ilikuwa na lile gemu la nyoka la Nokia, ambalo halina hadithi, mwisho wake ni kujigonga ukutani, na watu walitajiana pointi tu. Kisha zikaja simu za kugusa, na kuanzia 2017 na 2018 vijana wakaingia kwenye Free Fire na PUBG. Niliwahi kumkuta mpwa wangu anacheza, nikakaa naye nikiwa na hamu ya kweli. Nikamuuliza linaishaje. Akanitazama kwa huruma. Haliishi, shangazi. Ukishinda, unaanza lingine. Na kila mmoja darasani kwao ana la kwake kwenye simu yake, kila mmoja amejionea, kwa hiyo wakikutana wanaulizana umefika daraja gani, umeua wangapi. Ni furaha yao na siwalaumu. Ila sikumsikia hata mmoja akiuliza "akasemaje?", kwa sababu hakuna mtu ndani mle anayesema kitu.

Banda la mabati siku hizi ni stoo ya mbolea. Lushoto mjini bado wako wenye mashine za kukodisha, mashine nzuri, na kinachochezwa ni mpira kutwa nzima.

Mwaka jana, likizo ya Desemba, nililimaliza gemu jipya kwenye kompyuta ya mume wangu. Linaitwa Tales of Kenzera: ZAU, lilitoka Aprili 2024, na limetengenezwa na studio ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kumpoteza baba yake. Ndani yake kuna kijana mganga, Zau, ambaye baba yake amekufa. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, anamwambia nirudishie baba. Kalunga anakubali kwa sharti: amletee roho tatu kubwa zilizogoma kwenda zinakotakiwa kwenda. Zau anapigana kwa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, alivyoachiwa na baba yake. Na gemu hilo unaweza kuchagua lizungumze Kiswahili. Nilichagua. Mara ya kwanza maishani pedi ilikuwa mkononi mwangu na sauti inayotoka kwenye kioo ilikuwa inanisemesha mimi, bila maandishi ya chini, bila mtu wa kuniambia wamesema nini. Kalunga anapozungumza na Zau kuna mahali nilisimamisha gemu nikatoka nje kuvuta hewa. Baba yetu tulimzika 2019.

Nilipofika Gare nilimwambia kaka kabla ya kutua mkoba: "Nimelimaliza moja." Sasa ni mtu mzima, ananunua plamsi na peasi za wenzake anapeleka Dar es Salaam, hajashika pedi miaka kumi. Akaniambia nisianze mpaka usiku. Usiku tukakaa jikoni, jiko la kuni, watoto wake watatu na mpwa yule wa Free Fire. Nikahadithia kwa kanuni zote. Nilisema nilikufa mara ngapi kwenye ile roho ya ndege wa radi, Impundulu, na kwa kosa gani. Nilihadithia mazungumzo kama yalivyo, nikiamini kwamba safari hii hakuna la kuongeza, gemu lenyewe limejisemea kwa lugha yetu. Kaka hakukatiza hata mara moja. Nilipofika mahali Zau anapoelewa kwamba baba harudi, kaka akainuka akasukuma ukuni ndani, akakaa tena, akasema: "Endelea."

Asubuhi niliamka na sauti yake nje. Vibarua walikuwa wanafunga mzigo, matenga yamepangwa, majani ya mgomba yanafunikwa juu, ukungu bado uko kwenye migomba. Alikuwa amechuchumaa anashona mdomo wa tenga kwa kamba, na bila kuinua kichwa alikuwa anawahadithia Zau. Zau wake alikuwa ametoka juu, kwenye baridi. Kabla ya kumwita Kalunga alikaa kwanza siku tatu kwenye mkeka, watu wa kijiji wakaja na unga na kuni, na mzee mmoja akamwambia kitu sikioni ambacho vibarua wote waliacha kamba ili wakisikie.

Nikajifunga kanga vizuri, nikakaa kwenye tenga lililokuwa limepinduliwa, nikasikiliza.